Faini ya Mazishi

Buswelu, Jumamosi mchana

Kabula mwanangu,

Tunakaa nyumba moja na bado nakuandikia barua. Sasa hivi nakusikia uko uani na shangazi yako mnafunga sanduku. Anakwambia ulikalie ili lifunge, na wewe unacheka. Ni wiki tatu sijakusikia ukicheka nikiwa karibu. Asubuhi unaniamkia shikamoo huku unatazama mlango, nami naitikia marahaba huku natazama gazeti. Chai ikiwa tayari unamtuma shangazi aje kuniambia, na mimi nikitaka kujua saa ya treni namuuliza yeye. Jana alitukasirikia wote wawili, akasema amechoka kuwa posta.

Mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha na namna ya kuishi na mwenye nyumba huko Tabora ameshakueleza, na anayajua kuliko mimi. Sitayarudia. Nataka kukueleza juu ya siku ile niliyokuita mwoga, na juu ya jambo nililokuficha tangu ulipokuwa kidato cha sita.

Unajua tabia yangu ya shajara. Tangu nilipomaliza kidato cha nne sijaiacha siku ipite bila kuiandikia mistari miwili mitatu: tarehe juu, mvua kama imenyesha, nimekwenda wapi, nimeonana na nani. Siku ile niliandika hivi: "Kabula ameikataa benki. Nimemwambia ukweli." Leo asubuhi nimeusoma tena mstari huo. Niliandika uongo, na kwa mwandiko mzuri.

Ulikuja sebuleni na barua mbili. Moja ilitoka kwenye ile benki ya uwekezaji ya Dar es Salaam, ya wageni, karatasi nene, na mshahara ambao niliusoma mara mbili nikidhani aliyepiga taipu amezidisha sifuri. Nyingine ilitoka ofisi ya mafao ya wastaafu Tabora, karatasi nyepesi, herufi zimezibwa na wino. Ya Dar uliiweka mezani. Ya Tabora ulibaki nayo mkononi. Shangazi yako alikuwa anachambua mchele karibu na dirisha.

"Baba, nimewaandikia Dar kwamba siendi."

"Siendi maana yake nini?"

"Maana yake nakwenda Tabora."

Nilikuuliza kama kuna mtu amekutukana huko. Ukasema hapana, walikutendea vizuri. Ukanieleza kwa utaratibu, kama unavyopenda kueleza mambo, jinsi ulivyokaa pale wiki nane za mafunzo mkiandaa makabrasha ya kuuzia viwanda na mashirika ya serikali, na kwamba katika wiki nane hizo hukutoka ofisini hata siku moja jua likiwa bado lipo. Ukaniambia habari za kijana wa Moshi mliyekaa naye meza moja. Alifiwa na baba yake wiki ile ile ya kukamilisha mauzo ya kiwanda. Wakubwa walimpa pole, wakamkatia tiketi ya ndege kwa fedha ya ofisi, aende asubuhi arudi jioni. Jioni akarudi. Akakaa kwenye kiti chake akaendelea na hesabu, na viatu vyake bado vina udongo wa kaburini.

"Mimi nataka kazi inayoniruhusu kuzika," ukasema. "Hesabu nazipenda, baba, sizikimbii. Tabora nitakagua mafao ya wazee, na saa tisa na nusu nitafunga daftari. Inanitosha."

Hapo ndipo niliposimama. Nilisema sikukusomesha ukawe karani wa vikongwe. Nilisema wenzako wanaulilia mlango huo, wewe umefunguliwa unarudi nyuma. Nikakuita mwoga. Ungeniacha hapo labda tungepona, lakini uliniuliza kwa sauti ndogo, "Mwoga kama nani?" Maana ulisikia sentensi yangu haijaisha.

"Kama mama yako," nikasema. "Aliogopa kila kitu."

"Kaka!" shangazi yako akasema, na ungo ukamtoka mikononi. "Ishia hapo hapo."

Nikaishia hapo. Wewe ukainama ukaanza kuokota mchele punje moja moja, na tangu siku hiyo hujaniambia neno zaidi ya salamu.

Mama yako hakuwa mwoga. Kilichoniwasha ni neno lako la kuzika. Ulilitaja kwa ajili ya kijana wa Moshi, hukujua umenigusa wapi mimi. Sasa nitakuonyesha.

Unakumbuka kwamba miaka mingi nilikuwa karani wa hesabu kwenye chama cha ushirika cha pamba. Saa tisa na nusu tulikuwa tumeshafunga. Mshahara ulikuwa mdogo na ulichelewa, na mama yako alishona nguo za shule za watoto wa watu ili ziada ipatikane. Nilimwonea haya nikimwona ameinamia cherehani. Kisha biashara ikaachiwa huru, wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na magari yao, maghala ya ushirika yakabaki na popo, na sisi makarani tukapewa barua za kupunguzwa. Nilikaa nyumbani miezi minne. Mwezi wa tano akaja tajiri mmoja wa pamba, mtu wa hapa hapa mjini, akaniambia amesikia mimi ni mtu makini. Anataka mtu wa kushika fedha za msimu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Pamba ya mkulima ilikuwa yake yeye anayefika kwanza na noti mkononi. Mnunuzi akichelewa nusu siku, amekuta mizani ya mwenzake imeshajaa. Kwa hiyo asubuhi nilichukua fedha benki mjini, nikaziingiza kwenye magunia, nikapanda gari na dereva wetu Juma, na tukazigawa kwenye vituo vya kununulia, leo upande wa Magu, kesho tunavuka kivuko Kigongo kwenda upande wa Geita. Magunia tulikuwa tunayaweka chini ya kiti na kuyafunika makoti ya mvua, na mimi nakaa juu yake.

"Mhasibu," Juma alikuwa anasema tukiwa kwenye foleni ya kivuko, "leo umekalia nyumba tatu za bati. Usicheue, ukuta utaanguka."

Nilipenda kazi ile, Kabula. Usidhani nilisukumwa na shida peke yake. Nilipenda tajiri aniulize mimi kabla ya kuwauliza wengine. Nilipenda kufika kituoni nikaona watu wazima wanasimama kwa sababu nimefika. Mshahara wa mwezi mmoja ulizidi wa nusu mwaka kule ushirika, na kwa fedha hiyo ulisoma, na nyumba hii ikaezekwa. Mama yako aliacha kushona. Lakini Jumapili hazikuwepo tena, wala siku ya ugonjwa, wala ya msiba. Mtu mwenye kukalia magunia hawezi kuyaacha njiani.

Kijiji chetu cha Magu unakijua kwa likizo tu, kwa hiyo nikueleze kama mgeni. Pale mtu akifa, kila kaya hutoa mwanamume mmoja na jembe lake. Wanachimba kwa zamu, wanazika, wananawa kwenye beseni moja, wanakula pamoja. Wakimaliza kula, katibu wa sungusungu anafungua daftari na kusoma majina. Aliyeondoka kabla ya majina kusomwa, hakuwepo. Asiyekuwepo anatozwa faini. Sisi tunaoishi mjini tumo pia kwenye daftari, kwa kuwa baba zetu wamelala pale na sisi tunategemea kulala pale.

Msimu wa kwanza wa tajiri nilikosa misiba mitatu. Mmoja ulikuwa wa mzee aliyenibeba mgongoni hadi zahanati nilipoumwa na nyoka, nikiwa na miaka saba. Nilipata habari zake nikiwa Kigongo, gari la nne kwenye foleni. Nikalipa faini zote tatu kwa mkupuo, na nikaomba radhi vizuri, wakanielewa.

Msimu wa pili ulipokaribia nikafikiria namna ya kuliweka jambo hili sawa. Ndivyo nilivyozoea: kila jambo lina mahali pake kwenye karatasi. Tukiwa njiani kukagua vituo nikamwambia Juma asimame barabarani, nikaingia kwa katibu. Katibu alikuwa mzee Shija, yule aliyekuwa anakupa karanga. Ukoo wake na wetu ni watani. Alikuwa na watu watatu wanne kivulini wanakoboa mahindi.

"Katibu," nikamwambia, "msimu unaanza na sitapata nafasi. Niandikie kabisa faini ya misiba minne. Ikizidi nitaongezea."

Akacheka. "Minne? Umeshawapanga? Na mimi nimo? Kama nimo niambie mapema, nisipalilie bure."

Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha nikatoa bahasha. Ilikuwa bahasha ya ofisi, yenye mhuri wa tajiri. Kicheko kikaisha kama mtu amefunga redio.

"Baba," mzee Shija akasema, "unalipia watu ambao hawajafa?"

"Nalipia nafasi yangu."

"Hakuna ukurasa wa namna hiyo. Sisi tunamtoza mtu ili imuume, msiba unaofuata aje. Wewe haikuumi."

"Basi pandisheni kiwango."

Hayo ndiyo maneno niliyosema. Nimejaribu kukumbuka kama niliyasema kwa utani. Sikuyasema kwa utani. Mzee Shija aliitazama bahasha, akanitazama mimi, akaipokea bila kuihesabu. Juma alikuwa anapiga honi. Siku hiyo shajara yangu inasema: "Nimemaliza suala la misiba Magu."

Nilipomsimulia mama yako, alikuwa anamenya viazi, akasimamisha kisu. "Baba Kabula, na sisi watatuzika na nini? Na bahasha?"

Nikamwambia asiwe mwoga. Ndipo nilipoanza kumpa jina hilo. Msimu ule misiba ikatokea, na mama yako alipanda basi peke yake kwenda kupika na wanawake wa pale. Aliyasikia maneno waliyosema juu ya mume wake, akapika nao, akalala nao chini, akarudi na macho mekundu kwa moshi. Hakunirudishia hata neno moja. Mimi nikamwita mwoga, nami nilishindwa kusimama mbele ya watu wale kwa saa tano.

Sasa nifike kwenye ugonjwa wake. Wewe unajua aliugua ghafla. Hakuugua ghafla.

Shajara iko mbele yangu. Siku ya kwanza nimeandika: "Mama Kabula tumbo. Kigongo, foleni ndefu." Siku ya pili: "Mama Kabula bado. Hospitali kesho." Siku ya tatu: "Benki, Magu, vituo vitatu. Hospitali kesho." Ya nne ni hivyo hivyo, na ya tano. Mwandiko haukubadilika hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha ninaposoma. Mtu aliyekuwa akiandika maneno hayo alikuwa anajua yote, na alikuwa ametulia.

Siku ya sita asubuhi nilikuwa navaa viatu. Alikuwa amelala kwa ubavu, amekunja magoti. Akasema, "Leo usiende."

Katika ndoa yetu yote hakuwahi kuniambia hivyo. Nikamwambia gari linanisubiri, nimalize upande wa Geita, kesho nitampeleka mwenyewe. Akaniambia, "Haya." Shangazi yako ndiye aliyempeleka, kwa teksi, adhuhuri. Salamu zilinikuta ng'ambo, na kivuko kilikuwa upande wa pili. Nilisimama pale Busisi, ng'ambo ya Kigongo, nikakitazama kinapakia magari, Kabula, sikuwa na la kufanya, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi niliyaacha magunia kwenye gari bila mtu wa kuyakalia.

Daktari alikuwa kijana. Aliniuliza, "Mzee, mlikuwa mnasubiri nini siku zote hizi?" Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua tu. Utumbo ulikuwa umetoboka. Walimpasua, akaamka, akanitambua. Aliniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Alifariki asubuhi yake.

Tukampeleka Magu. Wanawake walikuja tangu jioni ile. Walijaa ndani, wakamlilia kwa majina ambayo sikujua kwamba wanamwita. Wanaume hawakuja. Asubuhi nilisimama uani nikingojea majembe. Saa mbili, saa tatu. Saa tatu na nusu nikamwona mzee Shija anakuja peke yake, kofia mkononi.

"Pole sana, baba," akasema.

"Asante. Wenzako wako nyuma?"

"Hawaji." Akatoa bahasha mfukoni. Ilikuwa na mhuri wa tajiri. Haikuwa imefunguliwa. "Nimetumwa na wanaume wa kijiji. Hii ni faini yetu, kaya zote. Hatutapata nafasi."

Alikuwa analia. Mtani wangu, ambaye hata kwenye msiba wa baba yangu alinichekesha, alikuwa analia na kamasi zinamtoka, na bado akaunyoosha mkono mpaka nikaipokea. Kisha akasema, "Mama Kabula nitamwomba radhi mwenyewe, nikifika aliko. Wewe chimba." Akaondoka.

Kaburi la mama yako nililichimba mimi na Juma. Udongo wa mwezi wa saba ulikuwa kama matofali. Mimi mikono yangu ilikuwa ya kushika kalamu, ikapasuka kabla hatujafika magotini. Juma, mtu wa mjini, Mwislamu, aliyemwona mama yako labda mara tatu, akaniambia, "Toka, mhasibu, wewe unakwaruza." Akachimba, akachoka, nikashuka tena. Kuna wakati shangazi yako alifunga khanga kiunoni akaingia akachimba yeye, na wanawake wakatoka wakamtazama, kwa sababu hawakuwahi kuona jambo hilo.

Wewe ulifika saa saba kwa basi kutoka Musoma, na sare ya shule. Kaburi lilikuwa tayari. Ulichemsha maji ukatia chumvi, ukaninawisha mikono.

"Baba, wanaume wako wapi?"

"Wako mashambani. Pamba inaanguka."

"Wote?"

"Wote."

Ukachana upande wa khanga ukanifunga viganja. Sijui kama uliniamini. Hukuniuliza tena, na shangazi yako nilimkataza kusema. Amenitii miaka minne, na usimlaumu.

Jambo la mwisho ndilo zito zaidi kwangu, na wewe hulihesabu kwa sababu ulilizoea: siku ya nne tajiri alituma kikaratasi. Kilisema pole sana, gari liko barabarani. Nikaenda. Nilikuacha na shangazi yako kwenye nyumba ya msiba, nikaenda kukalia magunia na viganja vimefungwa khanga. Juma hakunitania siku ile. Tulipofika Kigongo alisema tu, "Mimi nalipwa kuendesha. Wewe ungesema hapana." Na ni kweli. Tajiri hakunitisha. Hakuna aliyenitisha katika habari hii yote.

Msimu uliofuata tajiri aliuza kiwanda chake cha kuchambua pamba, na mimi nikapata barua ya mistari minne. Tangu hapo nafunga hesabu za maduka ya vifaa vya ujenzi mjini, kama unavyonijua. Magu sijarudi. Mtu aliyetengwa na kijiji namna ile anaweza kurudishwa, lakini lazima aende mwenyewe, na mimi nimekuwa nikituma watu kupalilia kaburi, nikiwalipa.

Sasa unaelewa kwa nini nilitaka uende Dar. Nilijidanganya kwamba nataka upate maisha mazuri. Nilitaka kitu kingine. Kama wewe, mwenye akili kuliko mimi na elimu kuliko mimi, ungeichagua njia ile na ukafanikiwa, basi njia yangu ingekuwa njia tu, yenye ajali yake, kama njia yoyote. Lakini ulisimama sebuleni ukaniambia umeitazama kazi ile, na umeona kwa wiki nane nililokataa kuliona kwa misimu miwili. Nikakosa pa kuuweka uso wangu. Ndiyo maana nikamsingizia mama yako uoga.

Sikuambii kwamba kazi ndogo inamfanya mtu kuwa mwema. Kule ushirika nilikuwa na alasiri zangu zote, na nyingi nilizimaliza kwenye bao na pombe, mama yako yuko kwenye cherehani. Huko Tabora utakutana na watu wanaofunga daftari saa tisa na nusu kwa sababu hawajali kama mzee amepata haki yake au amesafiri siku mbili bure. Utachoshwa. Wenzako wa chuo watapita na magari, na kuna siku utafanya hesabu ya ulichokiacha, itakuuma, na mimi ndiye niliyekufundisha kuifanya hesabu hiyo. Fedha nazo hazitatosha. Najua, maana niliishi nazo. Lakini kazi uliyoichagua ina saa ya kukuachia, na saa zinazobaki ni zako mwenyewe. Ile ya magunia nilidhani naishika, na kumbe hata mkono wa kushika jembe haukuwa wangu tena.

Wala usidhani nimeandika haya ili unisamehe kabla ya treni. Neno nililosema juu ya mama yako nalifuta mbele yako na mbele ya shangazi yako, ambaye nitamwomba akusomee sehemu hiyo kwa sauti kama hutaki kuisoma mwenyewe. Mengine kaa nayo upendavyo. Ukikaa nayo miaka, ni haki yako.

Kabla sijafunga barua lazima nikueleze kwa nini nimekaa kuandika leo, baada ya kuahirisha wiki tatu. Asubuhi, ulipokuwa sokoni, alipita hapa dereva wa basi la Magu na salamu. Mzee Shija amefariki jana. Wanazika kesho saa nane.

Mazishi ya saa nane, na kunawa, na kula, na majina. Treni yako inaondoka jioni. Nimepiga hesabu ya mabasi mara tatu na haiwezekani. Nikienda na kuondoka kabla ya majina, sikwenda. Kwa hiyo kesho sitakuwa stesheni. Najua nakufanyia nini. Mara zote ulizosafiri kwenda shule hukunikuta stendi, na kesho, siku ambayo ningepaswa kuwepo hata kwa kubebwa, tena hutanikuta. Nimeliandika jambo hili kwenye karatasi, huku na huku, kama kawaida yangu, na karatasi haikunisaidia. Nimeamua bila karatasi.

Usibadilishe tiketi. Ofisi inakutegemea Jumanne, na kazi hii uliichagua kwa akili yako safi, ianze kwa siku yake. Usije Magu kunisindikiza. Huko naweza kufika nikaambiwa nirudi, mbele ya watu, na ningependa usilione hilo. Daftari sasa liko kwa mtu mwingine, kijana, sijui kama jina langu bado limo au alilifuta. Sibebi bahasha.

Nimenunua jembe mjini, la mpini mrefu. Muuzaji alinitazama mikono akaniuliza, "Mzee, unaanza kulima leo?" Nikamwambia ndiyo.

Basi la kwanza linaondoka alfajiri, hutakuwa umeamka. Barua naiweka juu ya sanduku lako. Wakinikataza kuchimba nitakaa pembeni hadi wamalize, kisha nitaomba maji ya kunawa.

Nenda salama Tabora, mwanangu. Kazi yako ni nzuri.

Baba yako